Antigua hadi Sumpango: ada ya Kihispania, kamusi za Kimaya

Kazi yangu ni kuwafundisha wageni Kiswahili hapa Arusha: madaktari wa kujitolea, wamisionari, wake na waume wa wafanyakazi wa mashirika. Wanalipa kwa dola, wanapambana na ngeli, wakishaweza kubishana bei sokoni wanaaga. Mmoja wao ndiye aliyenieleza kwamba Kihispania alikisomea Antigua, mji wa Guatemala huko Amerika ya Kati, katika shule ambayo ada za wageni zilitumika kuwasomesha Wamaya, wenyeji asilia wa huko, isimu na kuchapisha kamusi za lugha zao. Mimi ni Mpare. Vitabu vya Kipare nilivyowahi kuvishika vinahesabika, na karibu vyote ni vya kanisani. Nikaanza kuweka akiba.

Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari na picha za simu, baada ya kurudi nyumbani.

Ijumaa, 25 Oktoba 2024: Uwanja wa La Aurora hadi Antigua

Angani sina la kusimulia: Kilimanjaro, Istanbul, Panama, usingizi wa vipande vipande.

Kwa atakayefuata: usiulizie viza ya Guatemala peke yake, ulizia na ya kupitia katika kila nchi utakayobadilishia ndege. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni, isiwe kwenye begi la chini. Mimi niliulizwa mara mbili.

Kutoka uwanjani hadi Antigua ni kama kilomita 40. Nilipanda basi dogo la watalii la kuchangia, quetzal 120, na dola moja ilikuwa inakaribia quetzal 8. Dereva aliahidi saa moja. Kwanza tukasubiri gari lijae, kisha tukaingia kwenye foleni ya Ijumaa jioni ya kutoka jijini, na saa moja ikawa tatu. Simu yangu ilikuwa haishiki mtandao. Dada wa chuo aliyekaa jirani yangu aliniona nalishikilia karatasi lenye namba ya mwenyeji wangu, akalichukua bila kuulizwa, akapiga, akaeleza, akanirudishia pamoja na nusu ya mkate wake. Tulipofika, doña mwenye nyumba alikuwa bado macho, na supu ya maharage meusi iko jikoni.

Jumamosi, 26 Oktoba: San Juan del Obispo

Antigua ulikuwa mji mkuu mpaka matetemeko ya 1773 yalipoubomoa na serikali ikahamia ilipo sasa. Makanisa mengine yameachwa yalivyoanguka, hayana paa, yana miti ndani. Barabara ni za mawe, kwa hiyo sanduku la magurudumu liache nyumbani. Volkano Agua imeinamia mji kutoka kusini, na upande mwingine Fuego inatoa moshi mchana kutwa kama mzee na kiko chake.

Masomo yanaanza Jumatatu, nikapanda basi la quetzal chache kwenda San Juan del Obispo, kijiji kilicho mabegani mwa Agua. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, hapo ndipo Francisco Marroquín, askofu wa kwanza wa Guatemala, alipojenga makazi yake katika karne ya 16. Alijifunza lugha za wenyeji ili awahubirie, na shule niliyoijia, Proyecto Lingüístico Francisco Marroquín, imebeba jina lake. Jengo bado limesimama na masista wanaishi humo.

Sababu ya pili iko mitaa michache kutoka hapo: nyumba ya Luis de Lión, mwalimu na mwandishi Mkaqchikel, yaani mtu wa jamii ya Kimaya ya milima hii, aliyezaliwa kijijini hapo mwaka 1939. Tarehe 15 Mei 1984 alitekwa katika Jiji la Guatemala na hakuonekana tena. Familia yake ilikaa miaka 15 bila uhakika, hadi 1999 lilipojitokeza daftari la siri la jeshi lenye orodha ya watu waliokamatwa, na yeye ni namba 135. Leo nyumba ina maktaba ya watoto wa kijiji na makumbusho madogo. Ukitaka kuingia, panga siku kabla. Mimi nilipiga hodi tu. Jirani akaniambia nisubiri, akaniletea kiti, kisha kikombe cha chokoleti ya moto, maana kijiji hiki kinajulikana kwa chokoleti. Mlango ulifunguliwa baada ya saa nzima. Ndani, watoto wawili walikuwa wanagombania kitabu kimoja, na nilikaa nikiwatazama hao kuliko nilivyoitazama mashine ya kuchapia ya marehemu na picha zake.

Jioni doña alinituma tamale. Jumamosi huko ukiona taa nyekundu imewashwa nje ya nyumba, ujue ndani wanauza tamale: unga wa mahindi na nyama na mchuzi, vimefungwa kwenye majani vikapikwa kwa mvuke. Usiifikirie taa hiyo vibaya, kama nilivyoanza kuifikiria.

Jumapili nilifua na kulala.

Jumatatu na Jumanne, 28 na 29 Oktoba: Darasani

Mtindo wa Antigua ni mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, kwa muda wa saa nne kila asubuhi, meza moja katikati. Hakuna pa kujificha. Shule za namna hii sasa ziko nyingi mjini, na ada ya wiki pamoja na chumba na milo kwa familia, katika zile nilizoziulizia, ilikuwa kati ya dola 250 na 400. Hii niliyoichagua ni ya miaka mingi, tangu 1969, na haigawi faida kwa mtu.

Mwalimu wangu aliposikia na mimi nafundisha, aliniita seño, kama wanavyowaita walimu wa kike huko, na nusu ya somo ikageuka mazungumzo ya kazi. Nikampa maswali yangu yote kwa Kihispania cha kuokoteza. Majibu yake nimeyaunganisha na niliyosoma kabla na baada.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lugha za Kimaya zilikuwa zinaongewa na mamilioni ya watu lakini walioziandika kitaalamu walikuwa karibu wote wageni, wengi wao wamisionari wenye lengo la kutafsiri Biblia. Wazo la Proyecto lilikuwa kuligeuza jambo hilo: wasomeshwe isimu wazungumzaji wenyewe, wakulima na walimu wa vijijini, kisha kamusi ziandikwe nao. Wataalamu walipatikana. Terrence Kaufman alifundisha na kupendekeza namna ya kuziandika lugha hizo, Nora England alifanya kazi na Wamam, jamii nyingine ya Kimaya. (Wote wawili wamefariki mwaka 2022.) Pesa ndiyo ilikuwa shida. Hapo ndipo Kihispania kilipoingia: Marekani ilikuwa inaleta vijana wa Peace Corps, shirika lake la watu wa kujitolea, wasiojua lugha, na mtu wa kuwafundisha alihitajika. Shule ikawafundisha, ada ikavuka ukuta kwenda chumba cha pili, walipokaa Wamaya na fomu zao za sarufi.

Mmoja wa Wamarekani vijana walioiendesha shule miaka ile alikuwa Robert Gersony. Jina hilo lilinisimamisha. Ni yuleyule ambaye mwaka 1994 alitumwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kuwahoji wakimbizi wa Rwanda, ndani ya nchi na katika kambi za nchi jirani, na matokeo yake yakafungiwa kabatini. Kumbe kazi ya kukaa na mtu mmoja mezani na kumsikiliza aliianzia huku.

Makumi ya wazungumzaji walipitia mafunzo yale, na baadaye uongozi wa shule ukawa wa Wamaya wenyewe. Nilitaka sana kujua hesabu: asilimia ngapi ya ada ilikuwa inakwenda kwenye vitabu? Mwalimu wangu alicheka. Akasema kuna miaka ilikwenda karibu yote, na kuna miaka ya vita ambayo wageni hawakuja na haikwenda hata senti.

Vita anavyovisema ni vya wenyewe kwa wenyewe, vya 1960 hadi 1996. Zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotea, na tume ya ukweli iligundua kuwa katika wahanga waliotambuliwa, 83 kati ya kila 100 walikuwa Wamaya. Kuandika Kimaya miaka ile lilikuwa jambo la kukutia kwenye orodha.

Chakula cha mchana siku zote mbili nilikula kwa doña. Jumanne ilikuwa pepián, mchuzi mzito wa mbegu za maboga na pilipili zilizokaangwa kavu, na kuku. Watakaokwenda na hamu ya wali, upo, lakini tortilla ndiyo inayotawala meza.

Jumatano, 30 Oktoba: Herufi

Niliomba asubuhi moja nibadilishiwe Kihispania kwa Kikaqchikel, lugha ya wenyeji wa milima hii. Shule inafundisha na lugha za Kimaya. Nilitoka na *xsaqär* ya asubuhi, *matyox* ya kushukuru, na koo linalouma, maana kuna q, kuna q' inayokatwa ghafla kooni, kuna k na k', na ukikosea moja umesema kitu kingine.

Alama zile ndogo zina historia ya ugomvi. Zamani Kimaya kiliandikwa kwa kufuata Kihispania, c hapa, qu pale, kana kwamba mtoto anaandaliwa kuvuka kwenda lugha nyingine. Katika miaka ya 1980 Wamaya walikutana, mapendekezo ya Kaufman yakiwa miongoni mwa yaliyokuwa mezani, wakachagua alfabeti moja kwa lugha zao zote. Wamisionari waliokuwa wamechapisha kwa mtindo wa zamani walipinga. Novemba 1987 serikali ikaipitisha, 1990 Chuo cha Lugha za Kimaya kikapewa sheria yake, na 2003 ikaja sheria ya lugha za taifa. Zinazotambuliwa sasa ni lugha 22 za Kimaya, pamoja na Kigarífuna na Kixinka.

Niliwaza nyumbani. Kamati ya kusanifisha Kiswahili ilianza kazi mwaka 1930 bila Mwafrika hata mmoja kati ya wajumbe wake. Sisi tulirithi tahajia tuliyokadiriwa na wengine, na kwa bahati ilitutosha. Lakini Kipare, Kirangi, Kimeru? Kwa hizo Kiswahili changu kinakalia kiti cha Kihispania, hata kama kiti chetu hakikupatikana kwa upanga. Mwalimu wangu wa Kikaqchikel aliniuliza swali moja tu kuhusu hilo: wajukuu wa mama yako wanamwamkia kwa lugha gani? Nikamwambia ukweli. Akasema na wa kwake ni hivyohivyo.

Hilo lazima liandikwe pia, maana nimesoma sifa nyingi za shule hizi. Kamusi haikumrudisha mtoto wa Antigua kwenye Kikaqchikel. Nyumbani kwa doña, bibi anakijua, mama anakielewa, watoto wana Kihispania na michezo ya simu. Kilichobadilika ni kwamba anayetaka kukisoma hahitaji tena kumuuliza mmisionari.

Alhamisi, 31 Oktoba: San Juan Comalapa

Mabasi yanaondokea nyuma ya soko. Ni mabasi ya shule ya Marekani yaliyostaafu, yakapakwa rangi za harusi, na konda wake ananing'inia mlangoni akiita "Chimal! Chimal! Chimal!" Mtu wa Arusha hapo yuko nyumbani, hata kwa kukaa watatu kwenye kiti cha wawili. Antigua hadi Chimaltenango nililipa quetzal 10. Shika noti ndogo, begi lako liweke mapajani, na simu usiichezee dirishani.

Chimaltenango ni foleni yenye maduka pembeni. Tulikaa humo mpaka mama mmoja akateremka, akanunua mahindi ya kuchemsha, akarudi kulekule alikotuacha. Basi la pili, la Comalapa, lilingoja lijae, na barabara ya kupanda ilikuwa na tope la mvua za mwisho wa msimu. Nilifika saa saba mchana badala ya saa nne asubuhi.

Comalapa ni mji wa Wakaqchikel wenye wachoraji wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Alianza mkulima, Andrés Curruchich, aliyezaliwa 1891, ambaye alichora harusi, masoko na maandamano ya watakatifu bila kupita shule yoyote ya sanaa. Alikufa 1969 akiwa amepewa nishani ya Quetzal na serikali. Watoto, wajukuu na majirani walifuata, wanawake kwa wanaume. Majumba ya kuonyeshea picha yapo barabara kuu, sebuleni kwa watu: unasukuma mlango, mtoto anamwita bibi, bibi anafuta mikono na kuja. Kapicha kadogo ka soko nilikanunua kwa quetzal 150, na sikubishana. Nafundisha watu kubishana bei, najua pa kuachia.

Kando ya makaburi kuna ukuta mrefu uliochorwa na vijana wa mji: historia yao tangu kabla ya Wahispania, ujio wa farasi na msalaba, tetemeko la Februari 1976 lililoua watu kama 23,000 nchini, vijiji vinavyoungua, helikopta, halafu amani ya Desemba 1996. Unasomeka kama kitabu, hatua baada ya hatua, na hakuna anayehitaji kujua kusoma. Nje kidogo ya mji ilikuwepo kambi ya jeshi, na tangu 2003 wataalamu walifukua hapo mabaki ya watu 220. Mzee aliyekuwa anapalilia kaburi aliniona nimesimama kwenye kipande cha helikopta, akasema jina la kaka yake, akaendelea kupalilia.

Mvua ikanyesha, basi la mwisho likawa limeondoka. Familia iliyokuwa inapakia maua ya njano ya wafu kwenye pikapu ikanipungia mkono nipande. Nilishuka Chimaltenango nikiwa na chavua mpaka masikioni, na walikataa katakata quetzal zangu. Waliuliza tu kama nchini kwangu nasi tunapamba makaburi Novemba.

Ushauri: Comalapa ilalie. Kwenda na kurudi siku moja ni kuona mji kwa dirisha.

Ijumaa, 1 Novemba: Sumpango

Sikukuu ya Watakatifu Wote, shule imefungwa, barabara zimefurika. Anayekwenda Sumpango afike kabla ya saa mbili asubuhi. Avae kofia, abebe maji, na sarafu za choo.

Uwanja wa mpira karibu na makaburi ulikuwa umesimamishwa tiara za duara, kubwa zaidi ikifikia mita 20 kutoka ukingo hadi ukingo. Mifupa ni mianzi, ngozi ni karatasi laini ya rangi, kipande kwa kipande, gundi kwa gundi. Makundi ya vijana huzitengeneza kwa miezi mingi, usiku, baada ya kazi. Kubwa hazirushwi, zinasimamishwa kwa kamba na watu, nazo ndogo ndizo zinazopanda. Santiago Sacatepéquez, mji jirani, nao wana zao. Desemba iliyofuata UNESCO iliuingiza ufundi huu wa miji yote miwili kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Nilikwenda nikitegemea mapambo. Nilichokuta ni maandishi. Tiara moja ilihusu maji, nyingine wafumaji wanawake, nyingine waliopotea, na pembezoni mwa karatasi kulikuwa na sentensi za Kikaqchikel, zenye k na k' na q' zake. Nilisogea mpaka kamba ya mwisho kuzisoma herufi nilizofundishwa juzi. Kijana wa kundi mojawapo aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia: tahajia. Akamwita mwenzake, wakaanza kunisomea kwa zamu, wakarekebishana wao kwa wao. Mmoja alisema hizo sentensi huwa wanakwenda kumwonyesha mwalimu kwanza, maana mwaka fulani waliandika vibaya wakachekwa na mji mzima.

Mashairi yenye urefu wa ghorofa kadhaa, yanayosomwa na maelfu kwa siku moja kisha karatasi inachanika. Sijaona uchapishaji wa namna hiyo kwingine.

Upepo wa saa tisa ukachukua tiara moja, watu wakatawanyika wakipiga kelele, mianzi ikaanguka kwenye kibanda cha mchuuzi. Hakuna aliyeumia. Mchuuzi akaendelea kuuza maembe mabichi kwa chumvi na pilipili chini ya mianzi ileile.

Usiku doña alitoa fiambre, saladi baridi ya siku hiyo pekee: mboga zilizolowekwa kwenye siki, soseji, nyama, jibini, dagaa wa kopo, vyote sinia moja. Orodha yake ilishinda daftari langu. Nilikula sahani mbili.

Jumamosi na Jumapili, 2 na 3 Novemba: Vitabu na mizani

Nilinunua nilichoweza kubeba: kamusi, kitabu cha hadithi cha lugha mbili, na shajara yenye kalenda ya Kimaya ya siku 260 kutoka Cholsamaj, wachapishaji Wamaya wa Jiji la Guatemala. Vingi kati ya vitabu nilivyovitaka vimekwisha na havijarudiwa. Muuzaji alinieleza wazi kwamba toleo huwa nakala chache, na wanunuzi wakubwa ni miradi na wageni. Ukikiona kitabu cha Kimaya unachokihitaji, kinunue palepale.

Uwanjani mizani ilisema nimezidi. Nikavaa jaketi mbili, kamusi ikaingia mfukoni mwa ile ya nje.

Baadaye, Arusha

Gharama zote, tiketi ikiwa kando, zilikuwa chini ya dola 600 kwa sababu milo nilikula nyumbani na usafiri ulikuwa wa konda. Tiketi ndiyo iliyokula akiba.

Mwezi uliopita nilikaa na mwalimu mkuu wetu na daftari hili. Tumekubaliana kwamba kutoka kila ada ya mgeni itatengwa sehemu, ndogo kwa sasa, ya kumlipa mtu wa kukusanya maneno ya Kipare, kuanzia ya mifereji ya umwagiliaji, ambayo vijana hawayajui tena. Mzee tuliyemfuata Usangi alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza sisi kwa saa moja ya Kiswahili tunamtoza Mzungu kiasi gani. Tukamtajia. Akasema basi na yake ni hiyohiyo, soda tukanywe wenyewe. Tunaanza naye Januari.